Gari liliacha njia na kupinduka

Kuna sentensi moja ambayo kila mwandishi wa habari wa mkoani anaijua kwa kichwa: "Gari hilo liliacha njia na kupinduka." Inakuja baada ya aina ya gari na jina la kijiji. Baada yake inafuata nyingine: "Chanzo cha ajali ni mwendo kasi uliosababisha dereva kushindwa kulimudu gari." Kisha idadi ya marehemu, kisha majeruhi wanaendelea na matibabu. Habari imeisha, msomaji anafungua ukurasa wa michezo.

Wadau, leo nataka tukae kidogo kwenye hayo maneno mawili, "liliacha njia". Gari halina akili ya kuamua kuacha njia kama mtoto anayetoroka shule. Kati ya kuwa barabarani na kuwa mtaroni kuna muda, mfupi kweli, sekunde moja au pungufu. Kuna watu walikaa miaka mingi maabara wakitafuta kifaa cha kufanya kazi ndani ya hiyo sekunde moja tu. Wakakipata. Kifaa hicho kinapita hapa Kawajense kila siku ndani ya magari ya watu, na wengi wanakifahamu kama taa ya njano inayosumbua kwenye dashibodi.

Kwa msiopajua kwetu, Kawajense ni kata ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Kwa miaka mingi watu wa Dar es Salaam walituita mwisho wa reli, kwa sababu tawi la reli kutoka Kaliua linaishia hapa Mpanda. Siku hizi ipo lami ya kwenda Tabora kupitia Inyonga na Sikonge, na mtu anatoka asubuhi anafika mchana bila vumbi puani. Lakini ukitoka tu kwenye lami, hadithi inabadilika. Kwenda Kakese na Mwamkulu kufuata mpunga unapita udongo ambao kati ya Novemba na Aprili unageuka kuwa gundi. Kwenda Sumbawanga unapita Sitalike, kwenye viboko wa mto Katuma, unaikata Hifadhi ya Katavi, halafu una Lyamba lya Mfipa na kona zake.

Kwa hiyo dereva wa Mpanda ndani ya siku moja anaweza kukutana na lami iliyolowa, changarawe inayoviringika chini ya tairi kama gololi, tope, kundi la ng'ombe na nyati anayekatiza. Na anakutana na vyote hivyo akiwa kwenye gari ambalo mwenyewe wa kwanza alikuwa analiendesha Japan kwenda sokoni.

Mjomba wangu alinunua gari la aina hiyo, Toyota ya mtumba, kwa fedha za mpunga wa misimu mitatu. Gari zuri, siti hazijachanika, redio inaongea Kijapani. Baada ya wiki chache ikawaka taa ya njano yenye picha ya gari dogo na mistari miwili iliyojikunjakunja nyuma yake kama nyoka. Akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Wewe ndiye msomi wetu. Hii taa inasema nini?"

Kabla sijajibu, fundi aliyekuwa amejilaza chini ya gari la jirani akatoa kichwa. "Hiyo haina madhara, mzee. Gari linatembea. Nikipata nafasi nakuchomolea balbu yake, hutaiona tena."

Mjomba akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona kwamba fundi anasema kweli tupu: gari linatembea na balbu inachomoka. Jioni ile nikaanza kuuliza na kusoma, kama ilivyo kazi yangu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nitayaeleza taratibu maana hata mimi nilisoma sanaa, siyo uhandisi.

Tuanze na breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi, magurudumu yanaganda, yanaacha kuzunguka, huku gari lenyewe bado linakwenda. Tairi lililoganda halisikii usukani. Unaweza kukunja usukani hadi mwisho, gari litaendelea kwenda mbele moja kwa moja kama sanduku linalosukumwa sakafuni. Dawa yake ni ABS. Kila gurudumu linawekewa sensa (siyo ile ya kuhesabu watu, hii inahesabu mizunguko). Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kuganda inalilegezea breki kidogo, inalibana tena, inalilegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo ile mitetemo unayoisikia mguuni. Mercedes-Benz na Bosch waliiingiza sokoni mwaka 1978, kwenye gari la S-Class.

Sasa geuza tatizo. Badala ya kusimama, unataka kuondoka, na upande mmoja uko kwenye tope. Hapa anayetuumiza ni difu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya upande wa kulia na kushoto, ili gari likate kona vizuri. Lakini lile lililo kwenye tope halina cha kushika, linahitaji nguvu kiduchu tu kuzunguka. Na kwa kuwa ugawaji ni wa sawa, lile la upande wa pili, lililo kwenye ardhi ngumu, nalo linapewa kiduchu hichohicho. Matokeo yake umeyaona mwenyewe: gurudumu moja linazunguka kama feni na kurusha tope kwa watazamaji, la pili limetulia kama limesusa, na gari halisogei.

Mfumo wa kuzuia utelezi, ambao Toyota wanauandika TRC, unatumia zilezile sensa za ABS. Ukiona gurudumu moja linakimbia kuliko wenzake, unafanya mambo mawili. Unaipunguza nguvu injini, hata kama mguu wako bado umekandamiza mafuta. Na unalibana breki lile gurudumu mtoro peke yake. Likishabanwa, kulizungusha kunahitaji nguvu kubwa, na kwa ule ugawaji wa sawa na mwenzake naye anapata nguvu kubwa. Gari linatoka.

Nilipomweleza haya dereva mmoja wa siku nyingi, mzee aliyebeba mpunga wa Mwamkulu tangu mimi niko shule ya msingi, akaniangalia kwa huruma. "Kijana, hiyo si hendibreki?" Akanieleza kwamba kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukikwama upande mmoja unavuta hendibreki kidogo kidogo huku unaongeza mafuta taratibu, na gurudumu lililolala linaamka. Hakuwa na kompyuta, alikuwa na mkono wake na sikio lake. Fizikia ni ileile. Tofauti ni kwamba mkono unabana magurudumu yote mawili kwa pamoja, na kompyuta inambana mkorofi tu.

Lakini kukwama hakuui. Kinachoua ni cha tatu, na hapa tunarudi kwenye "liliacha njia".

Gari kwenye kona linaweza kukuasi kwa namna mbili. Ya kwanza, pua inagoma: umekata usukani lakini mbele inateleza, gari linanyoosha kuelekea mtaroni. Ya pili, mkia unatoka: nyuma inateleza kwenda nje, gari linataka kugeuka na kuangalia ulikotoka. Hii ya pili ndiyo inayozaa kupinduka, kwa sababu gari likishakwenda ubavu ubavu na tairi zikakuta ukingo wa lami au udongo laini, linajikwaa kama mtu.

Mfumo wa kudhibiti mwelekeo, Toyota wanauita VSC na Wajerumani ESP, unaongeza sensa chache juu ya zile za magurudumu. Moja iko kwenye usukani, inasema dereva anataka kwenda wapi. Nyingine ziko katikati ya gari, zinasema gari linazunguka kwa kasi gani na linasukumwa ubavuni kiasi gani, yaani linakwenda wapi kweli. Kompyuta inalinganisha majibu hayo mawili. Bosch wanasema mfumo wao unalinganisha mara 25 kila sekunde. Majibu yakifanana, inakaa kimya, na unaweza kuendesha mwaka mzima usijue kama ipo. Yakipishana, inachukua hatua: pua ikigoma, inabana gurudumu la nyuma la upande wa ndani ya kona, gari linavutwa kuingia kwenye kona. Mkia ukitoka, inabana la mbele la upande wa nje, mkia unarudi nyuma ya pua unakostahili. Na inapunguza nguvu ya injini hapohapo.

Jambo hili dereva hawezi kulifanya, awe bingwa namna gani. Pedali ya breki ni moja, magurudumu ni manne. Ukikanyaga, unabana yote. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kubana gurudumu la mbele kushoto peke yake kwa theluthi ya sekunde na kuliachia.

Historia yake ina kisa ambacho dereva wa Katavi atakielewa haraka kuliko wa Ulaya. Kikundi cha wahandisi wa Bosch kilichoongozwa na Anton van Zanten kilifanikisha mfumo huu pamoja na Mercedes-Benz, na ukaingia sokoni mwaka 1995 kwenye gari la kifahari la S 600. Mwaka huohuo Toyota nao wakaweka VSC kwenye Crown Majesta. Ingebaki anasa ya matajiri. Lakini mwaka 1997 Mercedes-Benz wakatoa gari dogo la kwanza la A-Class, na mwandishi wa Sweden wa jarida la Teknikens Värld, Robert Collin, akalipeleka kwenye jaribio lao la kumkwepa mnyama. Huko kwao kuna mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, anayetokea msituni na kusimama katikati ya barabara. Jaribio ni rahisi: unakwenda kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, unakwepa ghafla, unarudi upande wako. A-Class ikapinduka.

Dunia nzima ikacheka. Mercedes-Benz wakasimamisha mauzo kwa muda, wakarekebisha gari, na wakaweka ESP kwenye kila A-Class bila malipo ya ziada. Kwa hiyo kifaa kilichoanza kwa wakubwa kikaingia kwenye gari dogo kwa sababu mwandishi mmoja alikwepa mnyama wa kufikirika. Mimi nasema hivi: sisi tunaopita hifadhini kwenda Sumbawanga, au tunaokutana na ng'ombe mia wakivushwa barabara jioni, jaribio hilo tunalifanya bila jarida lolote kutulipa.

Faida yake siyo maneno ya wauza magari. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilichunguza ajali halisi na kukuta kwamba mfumo huu unapunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali ya kifo inayohusu gari moja peke yake. Gari moja peke yake ni lile ambalo halikugongana na mtu, liliacha njia lenyewe. Ndiyo sentensi yetu ile. Marekani wakaufanya wa lazima kwa magari mapya madogo kuanzia modeli za mwaka 2012. Umoja wa Ulaya wakakamilisha Novemba 2014 kwa magari yote mapya. Japan nao walianza kuulazimisha mwaka 2012 kwa aina mpya za magari ya abiria, kisha hatua kwa hatua kwa yaliyobaki.

Hapo ndipo inapotuhusu. Sheria ya Japan ya mwaka ule inashuka bandarini Dar es Salaam miaka kadhaa baadaye ikiwa ndani ya kontena au meli ya magari. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8. Sisi hatukatazi, tunatoza ushuru wa ziada kwa lililozeeka, kwa hiyo mitaani kwetu umri wa magari umechanganyika sana. IST za mwanzo, zile za 2002 hadi 2007, nyingi hazina VSC. Crown na Mark X nyingi zinazo. Land Cruiser zile ngumu za porini nyingi hazina. Probox zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2014 usizitegemee. Watu wawili wanaweza kununua magari yanayofanana kwa mbali, mmoja akawa na mlinzi na mwingine hana, na hakuna aliyewaambia. Muuzaji anakuonyesha rimu, redio na kamera ya nyuma. Mnunuzi anauliza gari linakula mafuta kiasi gani. Sijawahi kumsikia mtu Mpanda akiuliza, "Lina VSC?"

Halafu lile lenye mlinzi linafika gereji, taa inawaka, mlinzi anazibwa mdomo.

Sitaki kuwasema mafundi vibaya. Wanafanya kazi juani, mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni ghali, na mteja mwenyewe anataka taa izimike leo kwa elfu tano. Lakini niliyoyaona kwenye gari la mjomba yanaeleza mengi. Tulimpata fundi mwingine mwenye kimashine, akachomeka, ikasema sensa ya gurudumu la nyuma kulia haisomi. Akalala chini, akafuata waya kwa kidole, akaukuta umekatika karibu na hab, mahali ambapo mtu aliwahi kubadilisha beringi na kuuvuta kwa pupa. Akaunga, akafunika vizuri, tukaendesha hadi Makanyagio na kurudi, taa ikazima. Gharama haikufika bei ya tairi moja la mtumba.

Kumbe mara nyingi ugonjwa ni mdogo wa namna hiyo. Waya umekatika, sensa imejaa tope, beringi iliyofungwa si ya aina yake, usukani haukurekebishwa baada ya kupanga magurudumu, au tairi za ukubwa tofauti zinazoidanganya kompyuta kwamba gurudumu moja linakimbia. Kwenye Toyota nyingi hata hitilafu ya injini inaizima VSC, ndiyo maana taa mbili zinawaka pamoja na watu wanadhani gari limekufa.

Sasa mambo machache ya kushika, hata kama yote ya juu mtayasahau.

Taa hiyo ikipepesa unapoendesha, mfumo uko kazini, umekuokoa sasa hivi. Punguza mwendo. Ikiwaka moja kwa moja, mfumo umezimwa au unaumwa, na gari lako limekuwa la mwaka 1990. Breki za kawaida zipo, mlinzi hayupo.

Ukienda kununua gari, washa swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya ABS na ile ya gari linaloteleza lazima ziwake sekunde chache kisha zizime zenyewe. Kama gari linatakiwa kuwa na VSC na taa haiwaki kabisa, usifurahi. Kuna mtu ameitoa balbu kabla yako.

Ukikwama kwenye tope zito au mchanga, mfumo unaweza kukukaba, kwa sababu unaikata injini nguvu kila gurudumu linapoteleza, na wewe unahitaji lizunguke kidogo. Ndiyo kazi ya kitufe cha VSC OFF. Kwenye Toyota nyingi, ukibonyeza mara moja unazima TRC, na ukishikilia kama sekunde tatu gari likiwa limesimama unazima vyote viwili. Ukishatoka kwenye tope, rudisha. Na kwenye changarawe kumbuka kwamba ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililoganda lingejichimbia na kujizuia. Unabaki na usukani, lakini unahitaji nafasi zaidi mbele yako.

La mwisho ni tairi, na hili ndilo linaloniuma. Mifumo hii yote haitengenezi mshiko. Inagawa mshiko uliopo, kama mama anayegawa ugali: sufuria likiwa tupu, hekima ya kugawa haisaidii. Kila tairi linagusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Viganja vinne ndivyo vinavyokushika duniani. Tairi lililokwisha meno, au la mtumba lililokakamaa kwa uzee, linaichukua kompyuta yote ile ya Wajerumani na kuifanya pambo. Angalia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na mwendo nao una hesabu yake. Ukiuongeza mara mbili, nguvu inayokusukuma nje ya kona inakuwa mara nne. Hakuna sensa inayobishana na hesabu hiyo.

Kwa hiyo polisi hawakosei wanapoandika mwendo kasi. Ila sentensi ile inamaliza maswali mapema mno. Tairi zilikuwa za mwaka gani? Gari lilikuwa na VSC? Kama lilikuwa nayo, ilikuwa inafanya kazi, au balbu yake imo kwenye kopo la misumari katika gereji fulani? Mkaguzi anaweza kuyajibu hayo akiwa bado amesimama mtaroni, na yakijibiwa mara mia tutajua kama tunazika watu kwa sababu ya miguu mizito tu au pia kwa sababu ya waya wa elfu ishirini.

Mimi nimeanza kuyauliza nikiwa eneo la ajali. Mara nyingi naangaliwa kama mtu aliyepotea njia. Naendelea kuuliza. Na wewe unayesoma hapa na una gari nje, kabla hujalala leo kaangalie hilo jambo moja tu: washa swichi, hesabu taa.